Mguu Ulioacha Kuuma

Tarehe 4 Februari

Kitindamimba wetu,

Pokea salamu, na kama hazitoshi niambie niongeze, zipo nyingi. Huku ni wazima. Nikisema ni wazima nina maana mimi na paka wa jirani, ambaye amehamia kwangu bila kuniuliza na sasa ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mwanangu ameleta habari kwamba mkewe amejifungua mtoto wa tatu, wa kiume, kichwa kikubwa kama changu. Nimemhurumia mtoto, nimemhurumia zaidi mama yake.

Usiseme nimeandikiwa. Nimeandika kwa mkono wangu. Shule sikwenda, unajua, wa kwenda ulikuwa wewe, lakini miaka arobaini nimesoma maboksi. JUU. KIOO. USIPINDUE. WEKA PAKAVU. Mtu akiyajua maneno hayo manne, mengine yote ni kuunganisha tu. Na simu na wewe ni kazi bure. Mashine za kiwanda cha mablanketi zimekula masikio yako, mtu anapiga kelele mpaka majirani wanatoka nje, wewe unauliza, "Nani mwenzangu?"

Kobe anakusalimu. Mwaka wa ishirini na tisa huu tunabeba pamoja, mimi juu, yeye chini. Mwezi uliopita tulihamisha mwalimu mstaafu, ghorofa ya tano, ngazi nyembamba kama koo la kuku. Kabati la nguo la mbao za zamani, milango mitatu. Kila ngazi namwambia Kobe, "Inua kidogo," Kobe kimya. Nikalipandisha. Kufika juu nafungua mlango wa kabati, Kobe yumo ndani, amelala. Mwalimu ni shahidi, muulize. Amehamia mji mwingine, lakini muulize.

Sasa kabla hujasikia kwa watu, kuna kitu kidogo. Kiuno. Si kiuno hasa, kinaanzia kiunoni upande wa kushoto, kinapita kwenye kalio, kinateremka nyuma ya paja, kinakata kwenye goti, kinakwenda kuishia kidole kidogo cha mguu. Kama mtu amenipitishia waya wa umeme na kila nikipiga hatua anabonyeza swichi. Nikikohoa, anabonyeza. Nikikaa chooni, anabonyeza. Ilianza wakati wa baridi. Nimekwenda kwa mkandaji, jibaba lile lenye magoti, likanipanda mgongoni likaniuliza kama nasikia nafuu. Nikasema ndiyo ili lishuke. Nimefunga mkanda wa kiuno mpaka nikawa na umbo la nyigu. Nimebandika plasta ya moto, nywele zimetoka, maumivu yamebaki.

Mwisho nikaenda hospitali. Daktari kijana kweli, ndevu zake bado zinafikiria kama zitoke au zisitoke. Akasema kuna neva imebanwa kwenye pingili za uti wa mgongo. Akaniuliza, "Mzee, kutoka moja mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?" Sasa wewe unajua pale ghalani kwetu neno "zito" halitamkwi. Msimamizi akiuliza "Vipi hiyo?", uwe umebeba sefu la chuma, unajibu "Unyoya!" Ukisema zito, mikono ya mwenzako inasikia, inalegea, na wewe siku hiyo unaondolewa kwenye ngazi unaosha vikombe. Kwa hiyo nikamjibu, "Unyoya." Hakunielewa. Nikamsaidia: "Andika mbili."

Akaandika mbili. Akanipa vidonge na karatasi ya mazoezi yenye picha ya mtu amelala chali kama mende. Nirudi baada ya miezi mitatu.

Ni hayo tu. Wewe je? Kiwanda kinakutunza?

Kaka yako,
Winchi


Tarehe 20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai upande wa nyuma, nikajua kweli umeandika mwenyewe. Hongera kwa mjukuu. Vichwa vikubwa hupungua wakikua. Chako ndicho hakikupungua.

Mimi sijambo. Wamenitoa kwenye mashine za kufumia, sasa nipo meza ya ukaguzi, nakaa, napitisha blanketi mikononi natafuta nyuzi zilizokatika. Wanasema ni kazi nyepesi kwa umri wangu. Nimepanda bizari mbele ya mlango na imekataa. Msalimie Kobe, mwambie kabati litakalofuata achague lenye hewa.

Sasa hilo dogo. Umeniandikia ukurasa mzima wa vichekesho na mstari mmoja wa ukweli, nimeukuta pale kwenye kidole kidogo. Nataka unijibu bila hadithi. Mguu unakufa ganzi? Ganzi inaanzia wapi? Ukisimama kwa vidole vya mguu wa kushoto peke yake, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, unaweza? Jaribu ukiwa umeshika meza.

Kuna mtu kazini alikuwa na ugonjwa huo. Ndiyo maana nauliza.

Na kwa nini ulimwambia daktari mbili, kaka? Daktari hakuwa upande wa chini wa kabati.

Mdogo wako


Tarehe 15 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nangoja habari njema nikuletee, na habari njema imekuja: umeacha kuuma!

Naam. Wiki tatu sasa. Nilikuwa nashuka kutoka kwenye gari la mizigo, nikangoja yule mtu wa swichi abonyeze, hakubonyeza. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine. Kimya. Nimemkomesha. Kobe anasema ni vidonge, mimi nasema ni damu ya baba yetu. Ukoo wetu umepewa migongo ya chuma, yale maumivu yalikuwa ni kutu tu.

Umeuliza ganzi. Ganzi ipo, lakini ganzi ni kitu gani? Ganzi ni usingizi wa nyama. Juzi nimetia mguu kwenye beseni la maji nijioshe, nimekaa vizuri, nasikiliza redio. Nikaona maji yanatoa mvuke. Nikasema kumbe ni ya moto! Mguu wa kulia ulikuwa nje unanicheka. Wa kushoto umetoka na ngozi imevimba kama mandazi. Nimeufunga kitambaa. Sioni maumivu hata kidogo. Fikiria mtu wa kazi yangu ambaye hasikii mguu: naweza kukanyaga msumari na nikaendelea kupiga mluzi. Wenzangu wananionea wivu.

Lile la kusimama kwa vidole nimelijaribu. Meza haikuwa imara.

Mjukuu anaendelea vizuri. Paka amezaa ndani ya sanduku la nguo za wifi yako, ambalo sijalifungua tangu atutoke. Sijui aliingiaje. Nimewaacha humo humo. Nyumba iko kimya, redio naiwasha asubuhi naizima nikilala, ukiniuliza imesema nini sijui.

Huyo mtu wako wa kazini unamjua vizuri sana, mpaka ganzi yake unaijua ilipoanzia. Ni vizuri kuwajua watu wa kazini. Watu wa kwenu tulikungoja siku ile, tukaona barua tu, kwamba kiwanda hakikutoa ruhusa. Nimesema sitalitaja, na sijalitaja. Yamepita.

Winchi, mwenye mguu mpya


Tarehe 27 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo wote.

Mguu wako haujapona. Mguu unaouma unapiga kelele kwa sababu bado uko hai. Ukinyamaza ndipo pa kukimbia. Rudi hospitali sasa, usingoje hiyo miezi mitatu.

Na nisamehe kwa hili nitakalokuuliza, wewe ni kaka yangu mkubwa na mama angekuwepo angenipiga kofi. Ukikaa, unajua umekaa? Ukijifuta, unasikia? Haja ndogo ikija, inakwambia, au unashtukia imekuja?

Nijibu hilo tu. Usiniambie habari za paka.

Mdogo wako


Tarehe 30 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba, ingawa barua yako haikuwa na adabu hata ya kusingizia. Nimeisoma nikaiweka chini ya redio. Nikaitoa nikaisoma tena nione kama kweli umeuliza uliyoyauliza. Mimi niliyekubeba mgongoni kwenda shule ukiwa na gauni moja, leo unaniuliza mambo ya chooni. Tuyaache.

Habari za huku. Paka wamefumbua macho, wanne. Mwanangu anasema atakuja mwisho wa mwaka. Hewa ni nzuri, jua linawaka, nimeanza tabia ya kuanika godoro nje kila siku. Kunguni, nadhani. Jirani ameniuliza kama naota mafuriko, tukacheka sana.

Kazini nimepandishwa cheo. Ilikuwa hivi: tunashusha friji, mimi juu, Kobe chini, ngazi ya saba kutoka mwisho. Nikateremsha mguu wa kushoto, haukuwepo. Sikuanguka kwa kuteleza, usije ukaambiwa niliteleza, mimi sijawahi kuteleza. Niliutafuta tu pale ngazini, haukuwepo. Friji likaenda. Kobe alijibana ukutani akaokoka mwili wote isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kulia, ambavyo vimevunjika. Hajanilaumu. Aliniuliza, "Vipi hiyo?" Nikamjibu unavyojua nilivyomjibu. Hakucheka.

Kwa hiyo sasa nina kiti. Kipo mlangoni mwa ghala, naita vitu vinavyotoka na vinavyoingia. Meza mbili. Kioo kimoja. Godoro. Siku inakwisha.

Na ili usinisumbue tena: hospitali nimekwenda, tarehe yangu ya miezi mitatu ilipofika. Safari hii si daktari, ni binti wa mazoezi ya viungo, mpole, ana bangili saba za shaba mkono wa kulia. Akanilaza, akaniambia nifumbe macho, yeye atanigusa mguuni kwa pamba, na kila nikisikia niseme "hapo". Mtihani! Mimi! Basi nikafumba macho kwa uaminifu kabisa. Lakini bangili hazikufumba mdomo. Kila akinyoosha mkono zinalia, nami nasema "hapo". Zinalia, "hapo". Nimepata zote. Mtihani wa kwanza maishani mwangu na sikukosa hata moja. Wewe uliyesomeshwa uliwahi kupata zote? Ameandika kwamba hisia ni nzuri. Nirudi Agosti.

Umefurahi sasa?

Winchi


Tarehe 9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari za kiwandani wala za bizari.

Huyo mtu wa kazini ni mimi.

Ilianza kama yako, ila kwangu ni mguu wa kulia. Saa kumi kila siku nimesimama kwenye mashine. Nilikandwa, nilifungwa mkanda, nilikunywa kila kidonge nilichopewa na kila mtu. Halafu ukaacha kuuma. Nilishukuru. Niliwaambia wenzangu nimepona, nikawanunulia soda. Nikakaa wiki saba na shukrani hizo.

Na mimi nilianika godoro, kaka. Nyuma ya nyumba, alfajiri, kabla majirani hawajatoka. Nilisema ni unyevunyevu wa ukuta. Kwa hiyo usiniandikie habari za kunguni. 

Nilipasuliwa Jumanne. Barua yako kwamba wifi amezidiwa ilifika Jumatano. Taarifa ya msiba ililetwa kwa basi Jumamosi, nimelala kifudifudi na mrija, muuguzi ndiye aliyenisomea. Nikamwomba aniandikie jibu. Kiwanda kilikuwa kimenipa ruhusa ya miezi miwili. Ile habari ya kunyimwa ruhusa nilimtamkia muuguzi neno kwa neno, na yeye akaandika huku ananitazama.

Sikukwambia kwa sababu najua ungefanya nini. Ungemwacha mkeo udongo haujakauka, ungekuja huku kunigeuza upande. Umenibeba tangu nina miaka sita, mama alipotutoka. Niliona hiyo basi, yatosha. Na sababu ya pili ni aibu. Wewe umemwambia kila mtu kwamba kwetu migongo ni ya chuma. Sikutaka kuwa wa kwanza kukufanya mwongo.

Mkojo ulirudi baada ya miezi mitatu. Vidole viwili vya mguu havikurudi, na upande wote wa nje wa kanyagio la mguu ni kama wa mtu mwingine. Daktari aliniambia ningekwenda wiki ya kwanza ningeondoka na vyote. Mimi nilikwenda ya saba. Wewe nimehesabu, tangu mguu unyamaze hii ni ya kumi na moja.

Nenda kesho. Usisubiri Agosti. Mwambie yule binti avue bangili. Akikuuliza kitu, kitaje kwa jina lake.

Nikasirikie. Lakini nenda kwanza.

Mdogo wako


Tarehe 26 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Wiki mbili na siku tatu. Posta wanasema barua ilipokelewa na kutiwa sahihi. Nimewaomba waniambie sahihi yenyewe ikoje, wakasema si jina, ni mshale unaoonyesha juu. Basi ni yako.

Kama umeichana bila kuimaliza, nitaiandika tena. Kama umeimaliza, sina la kuongeza.

Nipo.

Mdogo wako


Tarehe 14 Juni

Kitindamimba,

Marahaba, marahaba mara mbili, kwa barua zote mbili.

Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inateremka. Wodi ina vitanda nane. Kulia kwangu ni mwoka mikate, mgonjwa wa nyonga, anaamka kabla ya muuguzi na anauliza kama tanuri limewashwa. Kushoto ni dirisha. Mjukuu bado hana jino. Paka nimemwachia Kobe, ananiambia wadogo wanamlalia kwenye bandeji.

Nilipata barua yako tarehe kumi na sita. Niliisoma nimekaa kwenye kiti changu cha cheo, pale mlangoni, watu wanapita na viti vichwani. Nilimaliza nikaikunja. Nikangoja nikasirike. Nilikuwa na haki, miaka miwili nimekulaumu kila siku, asubuhi nikinawa uso nakulaumu. Nikaitafuta hasira mfukoni, hamna. Huzuni hamna. Nikasema labda itakuja kesho. Kesho yake nikaita vitu: meza moja, viti sita, kabati. Siku ya tatu Kobe akaja, vidole vimefungwa, akauliza, "Nini hiyo karatasi unaishika siku nzima?" Nikampa aisome. Unajua kusoma kwake kulivyo, ilimchukua mpaka chakula cha mchana. Alipomaliza akasema, "Simama, twende." Nikasimama. Sikuwa na sababu ya kusimama wala ya kukaa.

Tulimkuta yule binti. Nikamwambia, "Binti, vua bangili."

"Za nini, mzee?"

"Zinaninong'oneza majibu."

Akanitazama kidogo. Akazivua moja moja, zote saba, akaziweka ndani ya kikombe. Nikalala, nikafumba macho. Chumba kikanyamaza. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikachoka, nikamwambia, "Anza basi, mwanangu, wengine wanasubiri huko nje."

Akasema, "Mzee, nimeshamaliza mguu mzima."

Nikafumbua macho. Mkononi hakuwa na pamba. Alikuwa ameshika pini, na mguuni kwangu kulikuwa na vitone vya damu kuanzia kidole mpaka kwenye paja.

Alitoka anakimbia bila viatu vyake vya wodini. Akarudi na daktari, si yule wa ndevu zinazofikiria, mwingine, mama mtu mzima. Akaniuliza kuhusu haja. Nikasema godoro. Nilisema neno hilo tu, godoro, kisha mengine yakatoka yenyewe, tangu lini, mara ngapi, jinsi ninavyoligeuza. Kobe alikuwa pale pembeni. Aligeuka akatazama kalenda ukutani. Mama daktari akauliza, "Na maumivu, moja mpaka kumi?"

"Sifuri," nikamwambia. "Na safari hii ni kweli."

Akaiweka kalamu chini. Nimeona watu wengi wakiweka vitu chini, ndiyo kazi yangu, sijaona mtu akiweka kitu kidogo vile kwa uzito vile. Nililazwa saa hiyohiyo, nikapasuliwa asubuhi yake.

Haya ndiyo niliyoambiwa. Mkojo umeanza kurudi, jana ulinibishia hodi mara mbili, nikaupokea kwa heshima zote. Kanyagio la kushoto linaning'inia. Nikiliamrisha lipande halipandi. Wamelitengenezea kigango cha plastiki cha kuvaa ndani ya kiatu. Mama daktari anasema neva huota polepole kama ukucha, tungoje mwaka, na kwamba kama ningekuja Machi tusingekuwa na mazungumzo haya. Kubeba basi. Birika lenye maji, mwisho hapo. Nilimwambia mimi nilipandisha kabati lenye mtu ndani. Akasema, "Ndiyo, mgongo wako umeniambia."

Watu wanadhani nitalia. Mwoka mikate ameniambia lia mzee, hapa wote tumelia. Nimejaribu. Ni kama lile jaribio la pamba, nangoja, nangoja, kumbe wameshamaliza.

Sasa na mimi nina langu. Ulipoandika lako nilijua na hili langu lazima litoke, na ndilo lililonikalisha siku tatu, si hasira.

Wifi yako alikuulizia. Ile siku ya mwisho, Ijumaa, mchana. Alikuwa amefumba macho, hakuwa na nguvu ya kuyafungua. Akasema, "Wifi amefika?" Barua ya kukuita nilikuwa nimekutumia, jibu sijapata, sijui uko wapi. Nikamwambia amefika. Akasema, "Yuko wapi?" Nikamwambia, "Yuko mlangoni, anavua viatu." Akatabasamu. Akasema, "Mwambie asiharakishe." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza, tukawa tunakungoja wawili. Baada ya muda nikaona nangoja peke yangu.

Maisha yangu yote nimedanganya watu kwa kuongeza. Lile sikuongeza kitu. Na nilikuchukia kwa sababu ulinifanya nimdanganye mke wangu, kumbe saa ile ulikuwa umelala kifudifudi na mrija.

Basi. Nimelisema, limetoka. Nilidhani litapunguza kitu. Sijui kama limepunguza, hawajanipima.

Nitaruhusiwa kutoka Alhamisi. Huna haja ya kuja.

Kaka yako


Tarehe 21 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha.

Nakuja Jumamosi, basi la asubuhi. Kiwandani nimeomba siku kumi, wamekubali, karatasi ya ruhusa ninayo, nitakuonyesha na muhuri wake. Nitapita kaburini kwanza. Sijui nitasema nini pale, huenda nisiseme kitu. Mwombe Kobe anielekeze, sipajui.

Ukilala weka mto chini ya magoti. Kanyagio lisiguse maji kabla hujayapima kwa kiwiko. Usijifunze kutembea peke yako kwa sababu ya ubishi. Mimi nilijifunza peke yangu, najua makosa yote yaliyopo, nitakuja nikuonyeshe.

Sitakuambia kwamba utazoea. Mimi sijazoea. Kila asubuhi naushika huu mguu kwanza, nahakikisha upo, ndipo nasimama.

Usinyanyuke kunifungulia. Acha mlango wazi tu. Utasikia mtu amefika na haingii, utadhani ameghairi. Ni mimi. Siku hizi kuvua viatu ni lazima nikae chini kabisa, halafu nitazame kwa macho kama cha kulia kimetoka, maana chenyewe hakiniambii. Inachukua muda.

Ningoje. Nitaingia.

Mdogo wako